Mkono Nje ya Dirisha

Wanafunzi wenzake kwenye chuo cha urubani walimwita Shangazi Basi, naye hakuona sababu ya kununa. Angenuna vipi? Alikuwa na umri wa kuwazaa wote, na basi alikuwa ameliendesha kweli, tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi. Siku ya kwanza kuiongoza ndege kwenye lami, aliukata usukani kulia kwa nguvu zake zote, na ndege ikajiendea zake moja kwa moja hadi majanini, maana ikiwa chini ndege hugeuzwa kwa miguu. Vijana walicheka wakashika mbavu. Yeye akacheka nao.

Lakini lilikuwepo jambo moja lisilochekesha. Wakiwa angani, mwalimu alikuwa akipunguza nguvu ya injini na kumwambia ainue pua ya ndege polepole. Mwendo ulikufa, king'ora cha tahadhari kikalia, mabawa yakatetemeka, kisha pua ikaanguka. Hapo Shangazi aliuvuta usukani kifuani kama mtu anayenyang'anywa mkoba. Na kuvuta ndiko kosa lenyewe.

"Sukuma, Shangazi, sukuma!" mwalimu alimwambia, akiuchukua usukani wa upande wake. Alikuwa kijana mpole, rika la mwanawe wa kwanza. "Bawa linabebwa na hewa inayolipita. Ukilisimamisha mno, hewa ya juu inaachana nalo, na halina tena cha kulishika. Shusha pua hewa irudi, ndipo upande."

"Nimeelewa, mwalimu."

Na kweli alikuwa ameelewa. Darasani aliuchora mchoro wa bawa vizuri tu, mbavu zake na mihimili yake, na mishale ya upepo juu na chini. Kichwa kilikubali, mikono ndiyo iliyokataa. Dereva wa basi, chombo kikianza kuteremka bila ruhusa, anakanyaga, anavuta breki ya mkono, anang'ang'ania. Mikono ile ilikuwa imelisha familia kwa kung'ang'ania, leo iambiwe nini?

Ijumaa mwalimu alimweleza bila kuzunguka. "Jumatatu utaruka na mkuu wa mafunzo. Ukivuta tena, anakuondoa kwenye kozi. Mimi nimeshakuombea, Shangazi. Sina tena la kusema."

Alirudi nyumbani mnyonge. Jumapili mumewe, fundi seremala, alimpakia kwenye pikapu yake inayonuka vanishi, waende kumsalimia dada yake Shangazi. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari. Shangazi, bila kufikiri, akatoa mkono dirishani.

"Mke wangu, si wewe uliyekuwa unawateremsha abiria kwa kosa hilohilo?"

"Nyamaza wewe. Ongeza mwendo."

Alikunjua kiganja. Kikiwa bapa, upepo ulikipita tu. Alipoinua vidole kidogo, mkono ulipanda wenyewe. Akaviinua zaidi, ukapanda zaidi. Akazidisha, na papo hapo mkono ukaanza kutetemeka, ukasukumwa nyuma, ukawa mzito. Alijaribu kuupandisha kwa nguvu za bega, wapi! Akaviinamisha vidole kidogo tu. Mtetemo ukakata, na mkono ukapanda mwepesi.

"Tena," alisema.

"Kwa dada yako tumeshapita."

"Atatusubiri. Kanyaga mafuta."

Jumatatu mkuu wa mafunzo, mtu mwenye mwili wake na maneno ya kuhesabu, alijibana kwenye kiti cha pembeni. Walipopanda juu ya kutosha alipunguza injini. King'ora kikalia, mabawa yakatetemeka, pua ikaanguka. Shangazi akasukuma. Mashamba na mapaa ya mabati yakajaa kioo chote cha mbele. Aliogopa, tena sana. Kisha mtetemo ukakata, akaongeza nguvu ya injini, akainua pua taratibu, na ndege ikabebeka.

"Rudia," mkuu alisema.

Akarudia.

"Turudi."

Walipotua, mkuu alifungua mkanda na mlango, injini ikiwa bado inaunguruma. Shangazi alijua yamekwisha. "Nimekosea wapi, mkuu?"

"Hujakosea. Zunguka uwanja mara moja, peke yako, uje." Akashuka, akafunga mlango.

Shangazi alikitazama kiti kile kitupu. Halafu akaipa injini nguvu zote. Bila ule mzigo wa mkuu ndege iliondoka ardhini mapema, hata kabla yeye hajawa tayari, na pua ikainuka kupita kiasi. Hapakuwa na wa kumwambia sukuma. Mikono iliishusha yenyewe, kidogo tu, kabla hajawaza lolote, na bawa likashika hewa. Ndipo Shangazi akapiga kelele za furaha kwa sauti yake yote, akalia na kucheka kwa pamoja, na hapakuwa na abiria hata mmoja wa kumshangaa.