Bi Zamu na Hospitali Arobaini na Moja

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Zamu amefumba macho mbele ya kompyuta. Ukimkuta hivi utadhani amesinzia. Kumbe anasikiliza feni ya mashine.

“Ikivuma polepole, najua kurasa zinapokezana vizuri,” anasema. “Ikianza kulia, kuna ukurasa mmoja uliokalia zamu ya wenzake.”

Mama huyu wa miaka arobaini na sita huandika programu inayopitia kurasa za mtandaoni za hospitali arobaini na moja, kusoma akiba ya damu na kuiweka mahali pamoja, ndugu wa wagonjwa wajue pa kukimbilia. Programu ni moja tu. Hospitali hii ikichelewa kujibu, inageukia ile. Zamu hizo ndizo asili ya jina la utani la mama huyu.

Wenzake ofisini walitaka kila ukurasa uwe na programu yake inayojitegemea. “Mshika mbili moja humponyoka,” walimtania.

“Mimi nimeshika arobaini na moja,” aliwajibu, “na hazijaniponyoka.”

Mwezi wa tatu yakamkuta. Hospitali moja iliweka jedwali refu ajabu. Programu ilijua kuachia zamu inapongoja jibu, lakini si inapochambua kilichomo kwenye ukurasa. Karibu saa nzima ikazama humo, na namba za zamani za hospitali nyingine zikabaki kwenye skrini kama za sasa hivi.

Siku hiyo dada yake mkubwa alikuwa anangoja upasuaji. Shemeji akafuata damu pale skrini iliposema ipo. Hakukuta hata chupa moja. Upasuaji ukaahirishwa.

“Shemeji hakunilaumu,” anasema. “Hilo ndilo lililoniuma.”

Kiburi kikamtoka. Kungoja majibu bado ni kwa zamu, ila kazi ya kuchambua ameikabidhi kwa programu nne zinazojitegemea. Moja ikikwama, zilizobaki zinaendelea na kazi. Kando ya kila namba sasa pana saa iliposomwa.

Anafumba macho tena. Anasema huziona hospitali zote zikiwa chumba kimoja kirefu chenye mapazia meupe, naye akipita kitanda kwa kitanda, bila haraka.

Simu inaita. Ni dada, upasuaji ni leo.

“Mdogo wangu, damu ipo?”

“Ipo, dada. Chupa tatu.”

“Ipo kweli?”

Bi Zamu anatazama skrini. “Imesomwa dakika moja iliyopita. Na mhudumu wa pale nimempigia, kaziona kwa macho yake.”

Anakata simu.

“Natamani ifike siku,” anasema, “dada asiniulize mara mbili.”