Mtani wa Wodi ya Watoto

Zamani, mama alitusimulia, metroni, mkuu wa wauguzi, aliwapima kazi mama na wenzake akiwa peke yake, mlango umefungwa, na hakuna aliyejua ameandikwa nini. Ujamaa ulipoingia, ikaamuliwa hospitalini kwao Tabora kwamba sasa wapimane wenyewe, mkutanoni, uso kwa uso. Mama alitaka kuongoza wodi ya watoto kuliko alivyotaka kitenge kipya, na kitenge alikitaka sana.

Mkutano wa kwanza ulikuwa mtamu kama harusi. Kila aliyesimama alimsifu mwenzake: mchapakazi, mpole, hana kasoro. Nani angemtoa kasoro jirani ambaye jioni watakutana bombani? Metroni akabaki na malaika watupu, na wodi moja ya kugawa.

Ndipo akakumbuka utani. Mama ni Mnyamwezi wa Kwihara. Dresa wa zamu yake, mfunga vidonda, alikuwa Mzaramo, na watu wao wametaniana tangu misafara ya kwenda pwani. Mtani akikusema, ukikasirika aibu ni yako. Metroni akamwomba amseme mama katika mkutano uliofuata.

"Huyu," dresa akaanza, "babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, na mjukuu hajatua mzigo. Mwanafunzi akishika sindano, anampokonya. Uji akoroge yeye, shuka atandike yeye. Juzi kaugua homa, wodi nzima ikasimama. Mpeni uongozi, sisi tuleteeni viti tumtazame."

Watu walicheka, na mama akacheka nao. Metroni akamkabidhi wodi kwa sharti: mpaka mvua zikatike, awafundishe wanafunzi mikono yake mwenyewe ikiwa mgongoni. Akishindwa, wodi inakwenda kwa mwingine.

Jumapili yule mtani akaja nyumbani, akamkamata jogoo wetu bila kuomba, kama ilivyo haki ya mtani, na kuamuru mabinti tupike. Mama aliketi kigodani, mikono ameikalia. Nikasonga ugali, ukajaa madonge. Nikaona mkono mmoja ukichomoka taratibu kuelekea mwiko.

"Mnyamwezi," mtani akasema bila kugeuka, "tua mzigo."

Mkono ukarudi. Tulipokula, mama akautafuna ule ugali kwa muda mrefu, kisha akatamka kwamba hauna kasoro. Mtani akamwambia amerudi kwenye mkutano wa kwanza.

Mvua zilipokatika, wodi ilibaki yake, na mimi nilikuwa nimejua kusonga ugali.