Beji ya Kung'oa Masale

Mwanangu amerudi kutoka shuleni na beji ya shaba, eti kwa kujitolea na kupanda mlima. Ameitupa mezani kwangu, meza ya mninga niliyoinunua mimi niliyeishia darasa la tano. Utepe wake unanuka upya, kama mahema ya wale vijana wa zamani.

Nikiwa mtoto, walikuja kwetu mlimani na mabuti, vijana wa bweni kutoka mbali, wakitafuta beji kama hiyo. Kazi yao ya kujitolea ilikuwa kusafisha vihamba, mashamba ya nyumbani, vya wajane. Kwa mama waling'oa hata masale, ile mimea ya mpakani, iliyotenga mibuni yetu na ya baba mkubwa. Shule yote ile, na hakuna aliyejua kwamba isale la mpaka haling'olewi.

Mama alifika na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasimama nao. "Wanangu, mmefanya nini?"

"Shikamoo mama. Tumekutolea magugu," kiongozi wao akasema, huku akijipangusa udongo.

Baba mkubwa alikuwa ameshashika jembe. Alipanda masale mapya taratibu, akipiga mluzi, ndani kabisa ya shamba letu, akaimeza safu nzima ya mibuni iliyokuwa inazaa kuliko yote, ndiyo iliyonilipia ada.

"Shemeji, usihangaike," alimwambia mama. "Na mimi nakusaidia, kama hawa vijana."

Wakampigia makofi.

Mwanangu anauliza kama nimeipenda. Nimemwambia aiondoe, itanikwaruzia meza.