Kunde za Siku ya Tatu

Mke wangu alipofariki, watu walileta vyakula kwa wiki mbili, kisha wakaja kuchukua vyombo vyao. Siwalaumu. Sufuria ina mwenyewe. Lakini namkumbuka jirani mmoja akiwa amesimama mlangoni, ananingoja nimwoshee hotpoti yake, nami naiosha polepole kwa sababu nilijua ikishatoka hakutabaki kitu chenye joto ndani ya nyumba hiyo.

Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, karani wa serikali hapa Kitale, na sikujua kupika chochote isipokuwa chai. Mungu hakutujalia watoto. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwetu Bokoli mvulana akishatahiriwa hana tena ruhusa ya kuingia jikoni kwa mamake. Jiko letu lilikuwa nyumba ndogo peke yake, kando ya ile kubwa, na tangu nilipotahiriwa sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Chakula kilitoka kule kwenye moshi kikiwa tayari, mimi nikanawa mikono. Baadaye nikaoa, kikaendelea kunijia vilevile. Sikuwahi kujiuliza kinapitia wapi.

Basi mwaka mzima nilikula mkate. Asubuhi chai na mkate, jioni mkate na chai. Siku nikijihurumia nilinunua chapati na maharagwe kibandani karibu na ofisi, nikala nikiwa nimewapa watu mgongo, maana nilichoka kupewa pole nikiwa na chakula mdomoni.

Mama alinipigia simu kila siku saa moja jioni, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Umekura nini, baba?"

Ananiita baba kwa kuwa nina jina la babake. Sisi wawili huongea lugha yetu ya nyumbani, ila hapa namwandikia Kiswahili chake cha soko la Chwele, alikouza vitunguu kwa miaka mingi. Naona kinamfaa.

"Nimekula vizuri, Mama."

"Vizuri si chakura. Umekura nini?"

"Mkate."

Siku moja akasema, "Mimi siwezi kufa nikuache na mkate." Hakulia. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba hawezi kusafiri wiki hii kwa sababu mahindi yake bado yako uani. Ndipo nilipoelewa kwamba yeye, mwenye miaka themanini na ushee, alikuwa amejipa kazi moja tu iliyobaki, nayo ni kujua nani ananilisha.

Mimi nilichokitamani hakikuwa nyama. Nilitamani kunde zake, mboga ile ya majani iliyopikwa na maziwa mpaka ikawa nzito na kuteleza, ikaliwa na ugali mweusi wa wimbi na muhogo. Mke wangu alizipika vizuri karibu kumfikia Mama, na yeye pia hakuwahi kunieleza alifanyaje, kwa sababu sikumwuliza. Hilo linaniuma kuliko mambo mengi makubwa.

Jumapili moja nikamwuliza Mama jinsi ya kuzipika. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Mwanaume na kunde, wapi na wapi? Hiyo ni maneno ya bibi ya nyumba. Nikufundishe, watu wa hapa watasema nini?"

Mimi nina kasoro moja: hasira zangu ziko karibu, na nikikasirika nadanganya haraka.

"Si mimi," nikasema. "Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kunipikia."

Ningeweza kuongeza kwamba ni mfanyakazi wa nyumbani. Sikuongeza. Nilisikia kiti chake kikilia, akiketi, kisha akaniambia nichukue kalamu. Nikaandika nyuma ya bahasha ya ofisi.

Kunde ziwe changa, zile zisizokuwa na nyuzi. Zichanganywe na mrenda kidogo ili zisikwaruze koo. Mabua na maganda ya maharagwe yakaushwe, yachomwe, majivu yake yatiwe kwenye mkebe uliotobolewa chini, kisha maji yamiminwe juu taratibu. Yanayodondoka, yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, ndiyo musherekha, chumvi yetu ya kulainisha mboga. Hiyo ichemke kwanza na maji, ndipo kunde ziingie. Sufuria isifunikwe, la sivyo mboga itapoteza rangi. Zikishalainika, maji yapunguzwe, maziwa yaingie, moto uwe wa chini.

"Halafu asikupee," Mama akasema. "Hapo ndio watu wanakoseanga. Aziache zirare. Kesho anaongeza maziwa, anachemsha. Kesho kutwa tena. Siku ya tatu ndio anakupea."

Nikanunua kunde. Majivu sikuona sababu ya kuyatafuta mbali, kwa kuwa nilikuwa nayo kwenye jiko la makaa. Basi nikachuja majivu ya makaa. Kilichotoka sufuriani kilikuwa na povu kama la sabuni na uchungu wa dawa ya minyoo, nami nikala vijiko vitatu kwa ukaidi tu.

"Alipika?" Mama akauliza jioni hiyo. Hata hakusubiri siku ya tatu.

"Alipika. Ni chungu."

"Ametumia majivu ya makaa," akasema papo hapo. "Si makosa yake. Hawa wa siku hizi wamererewa na gesi. Usimgombeze, umesikia? Mwambie pore pore."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Kama angejua ni mimi, angenicheka wiki nzima. Lakini yule mpishi wa kubuni alipewa pole na mama yangu, kwa sauti ambayo mimi sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mdogo wa kubebwa.

Mabua ya maharagwe nilipewa na mzee mmoja anayelima nyuma ya nyumba yangu, ambaye wazazi wake walihamia huku Trans-Nzoia kutoka katikati ya nchi zamani hizo. Alikuwa anayapeleka kwa ng'ombe wake. Aliponiona nayachoma kwenye karai alikuja mpaka kwenye ua akauliza, "Sasa hii ni dawa ama?" Nikamjibu ni dawa. Uongo ulikuwa umeshanizoea.

Nikaendelea kupika, na Mama akaendelea kuuliza habari za mpishi. Ni wa wapi? Wa huku huku. Mbona hasemi na mimi kwa simu? Ana haya. Anapenda nini? Hapo nilifikiri kidogo, nikasema anapenda redio. Siku nyingine nikamweleza kwamba maziwa yaliungua Jumanne kwa sababu alikuwa anasikiliza taarifa ya habari akasahau moto. Yote hayo yalikuwa kweli, ila yalikuwa yangu. Mama alicheka, akasema hata yeye aliunguza maziwa mwaka wa kwanza wa ndoa yake, na babangu akayanywa hivyo hivyo. Habari hiyo sikuwa nimewahi kuambiwa.

Kisha akatuma chungu. Alienda mwenyewe Chwele siku ya soko akakichagua, akakifunga kwenye gunia pamoja na mwiko, na kumpa mtu wa kijijini aliyekuwa anakuja Kitale kununua mbegu. "Mwambie ni zawadi yangu kwake," alisema kwenye simu. Nilikifungua mezani. Kilikuwa kizuri, kimepigwa ukanda wa alama za vidole shingoni. Nikajikuta nasema asante kwa sauti, peke yangu, kwa niaba ya mtu.

Sitasema kwamba sikufurahia. Nilianza kutoka ofisini mapema, kwa sababu kulikuwa na chungu cha siku ya pili kinachohitaji kuchemshwa kisiharibike. Wenzangu waliniona naharakisha, wakatabasamu. Nikawaacha watabasamu.

Halafu macho ya Mama yakaanza kusumbua, na hospitali ikampa siku ya kuja kuonwa hapa Kitale, Jumanne. Angelala kwangu usiku mmoja. Nilianza kupika Jumapili. Jumatatu nikaongeza maziwa. Nilisonga ugali wa wimbi na muhogo mara nne kabla sijaupata usio na madonge. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli, ila baada ya kula. Niliona mtu aliyeshiba atapokea vizuri zaidi.

Mchana wa Jumanne nilimtoa hospitalini nikamleta nyumbani. Walikuwa wamemtia dawa ya macho, akawa anaona ukungu mtupu. Alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani, uso ameuelekeza kwenye mlango wa jikoni. Nikamletea maji ya kunawa.

"Mbona unareta wewe?"

"Ana haya, Mama."

Nilijichukia niliposema hivyo. Lakini chakula kilikuwa mezani tayari.

Alikula. Sijawahi kumtazama mtu akila namna nilivyomtazama siku ile. Alimega, akachovya, akafunga macho yake maskini, akatafuna. Akaongeza. Mwishoni akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akameza, kisha akainua sauti kuelekea jikoni.

"Mwanangu! Asante sana! Toka nikusarimie, mimi sikuri mtu!"

Jikoni kulikuwa na sufuria ya maji ya chai inayochemka, na kifuniko chake kilikuwa kinagongagonga. Mama alitabasamu. Alidhani ni mikono ya mtu.

"Mama," nikasema. "Hakuna mtu."

"Ametoka?"

"Hajawahi kuwepo. Ni mimi ndiye ninayepika."

Hakuugeuza uso wake. "Na ule wa kuunguza maziwa?"

"Mimi."

"Na ile chungu yangu?"

"Ninacho. Ndicho nimepikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa mwanamume na jikoni. Nilikuwa hata na majibu, kwamba huku mjini mambo ni tofauti, kwamba tumbo halijui mila. Hakugomba. Alishusha mikono yake, ikakaa mapajani bila kazi.

"Nirikuwa nimeanza kurara," akasema. "Tangu uniambie kuna mtu. Nirikuwa najifunika tu, narara mpaka asubuhi."

Nikatoa sahani, nikazipeleka jikoni, nikazima gesi. Kifuniko kikaacha kugonga, na najua alisikia kimeacha. Nililia pale nikiwa nimeshika ukingo wa sinki, nikijitahidi asinisikie. Namlilia mke wangu mpaka leo, lakini siku ile nililia kwa sababu ya usingizi wa Mama, ambao mimi niliuleta na mimi nikauondoa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umemtoka machoni. Alizunguka nyumba taratibu akiangalia vitu: kikombe kimoja kwenye kichanja, jozi moja ya ndara mlangoni, chungu chake kwenye rafu kimeoshwa. Alikigusa shingoni. Hakukichukua. Nilipomsindikiza kituoni alinishika mkono muda wote, na tulipofika akasema bila kunitazama:

"Wamama wa kanisa nirishawaambia uko na mtu. Nitasema amerudi kwao kidogo. Mamake ni mgonjwa."

"Mama, si huo ni uongo."

"Na yako irikuwa nini?" akasema. "Bana, mimi siwezi kufika pale niseme eti mwanangu ako na sufuria peke yake."

Kwa hiyo sasa tuko wawili. Kila mwisho wa mwezi naenda Bokoli, na baada ya ibada akina mama wananizunguka, wananipa mkono, wanauliza kwa upole, "Mgonjwa anaendeleaje? Mwenzako bado hajarudi?" Nami nasema bado. Mama anakuwa kando yangu, anatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yake si ya kuigiza. Wametuombea mara mbili kanisani. Nilisimama nikafumba macho kama wengine.

Nyumbani napika kila Jumapili na kupakua Jumanne. Mkono wangu umezoea. Sitazami tena bahasha. Jambo ambalo sijamwambia mtu ni kwamba namkosa. Yule mwenye haya, mpenda redio, aliyetetewa na Mama kwa ajili ya majivu. Mke wangu siwezi kumkumbuka nikiwa na sahani mbele yangu, naacha kula, chakula kinapoa. Huyu naweza kukaa naye mpaka nimalize.

Juzi Mama alipiga saa moja kama kawaida. Aliuliza nimekula nini, nikamwambia kunde. Akashusha sauti, kana kwamba kuna mtu chumbani mwake asiyetakiwa kusikia.

"Na atarudi?"

Nilitazama mlango wa jikoni kwa muda mrefu. Sikuweza kumwambia hapana.