Kisu cha Kugemea Ulanzi

Watu wa Makambako humwita Telesia Mligo daktari, kisha humwomba dawa ya kiuno. Si daktari wa watu. Kazi yake ni kutafuta bakteria kwenye majani, udongo na utomvu wa mimea, na kuamua kila mmoja ni wa ukoo gani. Mimi ni dereva wa kituo chetu cha utafiti hapa Njombe. Nimembeba yeye na vichupa vyake miaka mingi, na nasema bila kumung'unya maneno: kazi isiyo na shukrani ni hiyo.

Mama yake, Feliciana, aliuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, hapo Makambako mpaka magoti yakamkataa. Kwa ulanzi huo Telesia alisoma. Kwa ulanzi huohuo wazee wa kanisa walimtenga mama huyo na meza ya Bwana, ingawa wawili kati yao walikuwa wateja wake wa mlango wa nyuma. Nikikumbuka, damu hunichemka. Telesia hakugombana na mtu. Aliapa tu kwamba siku akigundua spishi mpya ataipa jina la mama yake, likae katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima.

Aliipata kwa mzee Efraimu, bondeni, njia ya kwenda Lupembe. Mzee ana mianzi mingi. Mvua zikishika hukata ncha ya chipukizi na kufunga hapo mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia, utomvu ukadondoka humo. Asubuhi na jioni hurudi kukata kidogo tena. Siku ile ya kwanza tulichota ulanzi uliokwisha kukingwa. Telesia akakiona kisu cha kugemea, kimegandwa na utando wa misimu na misimu, akakunja uso.

"Baba, tukija tena tutahitaji ulanzi safi," alisema. "Naomba uwe unakichemsha kisu kabla ya kukata."

"Sawa, mwanangu. Ninyi ndio mliosoma."

Katika ulanzi huo wa kwanza, kwenye visahani vya maabara, kiliota kidoa kidogo cha manjano ambacho Telesia hakuwahi kukiona. Vinasaba vyake viliposomwa, hakuonekana ndugu wa karibu popote. Jioni hiyo nilimpeleka Makambako akamwambie mama yake. Feliciana hakuelewa bakteria ni nini, lakini alielewa jina lake litaandikwa, na kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ila jina halikubaliwi hivihivi. Sheria ya wataalamu hao inataka bakteria walio hai wahifadhiwe kwenye hazina mbili, katika nchi mbili tofauti. Kuwapeleka nje kunahitaji kibali, na kibali kilikuwa mezani kwa mtu. Njoo kesho. Njoo wiki ijayo. Mhusika yuko semina. Wakati tunazungushwa hivyo, transfoma ya mtaa wetu iliungua. Jenereta ya kituo ilikuwa mbovu tangu zamani, na kila mkubwa alijua. Umeme uliporudi, friza ilikuwa inanuka na kidoa cha manjano hakikuota tena katika kichupa hata kimoja.

Nilitukana mimi. Telesia alisema tu kwamba bakteria mwenyewe yuko kwa mzee Efraimu, tusubiri mvua.

Mvua zilikuja, tukaenda, tukachota, akapanda kwenye visahani. Walitoka bakteria wa kawaida tu. Tukarudi tena na tena. Alibadilisha chakula cha bakteria, akabadilisha joto, akaanza kujilaumu kwamba mikono yake imesahau kazi. Mwishowe akamwomba mzee amwonyeshe ugemaji wote toka mwanzo, huku yeye akitazama tu.

Mzee akaingia jikoni, akatoka na sufuria inayotoa mvuke. Ndani yake kulikuwa na kisu, kinang'aa.

"Baba, huwa unakichemsha kila mara?"

"Tangu uliponiambia, mwanangu. Ulanzi siku hizi umepooza kidogo, wateja wananung'unika, lakini mimi nimeshika neno lako."

Nilimwona Telesia akitafuta pa kukaa. Baadaye alinieleza: chipukizi hutoka ardhini bila bakteria yule. Kisu ndicho kilichomhamisha mwanzi hadi mwanzi, na wakati wa kiangazi kilimtunza ndani ya ule utando mpaka mvua nyingine. Makazi ya bakteria yule yalikuwa uchafu uleule uliomkunjisha Telesia uso.

Akauliza, kwa sauti ndogo, kama wagema wengine wa huko bado wanagema kama zamani.

"Hapo ondoa wasiwasi," mzee alisema. "Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikayasema maneno yako yote. Bonde zima tunachemsha." Akatabasamu, akingoja sifa.

Telesia alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Angefanya nini tena? Tulipofika barabara kubwa aliniomba nisimamishe gari, akalia kwa uchungu, akisema hajui atamwambia nini mama yake.