Divai ya Mwitalia, na ile "naam" yangu

Wenzangu niliosoma nanyi chuoni, nawasalimu kutoka Bagamoyo. Daftari letu la mzunguko lilinifikia jana kwa mkono wa mpagazi, na zamu yangu nitaitumia kukiri jambo. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza wala kupunguza.

Mnajua kwamba tangu tuachane nafanya kazi ya ukalimani kwa wageni wanaokwenda bara.

Mwezi uliopita alifika Mwitalia mmoja mpole, mchora mimea. Ndani ya sanduku lake la kukaushia majani mlikuwa na chupa ya divai nyeupe ya kijijini kwao. Chupa moja tu. Alikusudia kuinywa siku yake ya mwisho pwani, pamoja na chakula kitakachopatana nayo.

Akaniuliza, "Mwalimu, divai unaijua?"

Nikajibu, "Naam."

Wenzangu, divai niijuayo mimi ndiyo mnayoijua ninyi: ile ya altareni, nyeusi, tamu kama asali, tone moja Jumapili. Nilidhani zote ni ndugu.

Nikaenda jikoni kwa Bi Mwanakombo, mpishi wa nyumba ya wageni, Mwislamu, nikamwomba chakula cha kupatana na divai ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hicho kinywaji chenu sitakigusa wala kukinusa. Nieleze ladha yake, nami nitapika."

"Ni kitamu, bibi. Kizito."

"Basi kuku wa kupaka, kwa tui la kwanza."

Alasiri Mwitalia aliishusha chupa dirishani, ilikoning'inia siku nzima katika kitambaa kibichi ili upepo uipoze. Akaifungua, akanimiminia tone.

Nilikuwa kama mtu aliyeamshwa akajikuta bado yumo ndotoni.

Rangi yake ilikuwa ya nuru inayopenya jani changa la mgomba. Ilinukia ndimu iliyokatwa sasa hivi, na jiwe la matumbawe baada ya mvua. Mdomoni ilikuwa kavu, chachu, safi, haina sukari hata chembe. Kwa kitambo niliona kilima nisichowahi kukanyaga, na watu wakichuma zabibu bila haraka.

Kisha nikalikumbuka tui.

Ningeweza kunyamaza. Nazi ingeifunika divai ile, naye angedhani imeharibika njiani, na hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililonitisha: kwamba hakuna ambaye angejua. Mtu angeipoteza chupa yake ya pekee kwa sababu ya fahari yangu.

Nikarudi jikoni. Kuku alikuwa amekwisha kupakwa.

"Bibi, nilikudanganya. Sikukijua kinywaji kile."

Akanitazama, mwiko mkononi. "Chuoni ulikaa miaka mingapi?"

"Sita."

"Miaka sita, na hawakukufundisha kusema sijui?"

Akaninyooshea mwiko.

"Haya, nieleze tena. Usinipambie."

"Kichachu kama ndimu, lakini chembamba. Hakina utamu. Kinaacha chumvi kidogo ulimini."

Akamsogeza kuku pembeni. "Hicho hakitaki nazi, mwanangu. Kinataka samaki, na samaki mwenyewe asisumbuliwe."

Akatwaa samaki wawili aina ya changu, waliovuliwa asubuhi ile, akawatia chumvi na mafuta ya ufuta, akawachoma juu ya makaa ya mkoko. Bizari hakutia, pilipili hakutia. Kando aliweka pweza aliyechomwa, na ndimu.

Mwitalia alikula polepole, macho ameyafumba, akinywa funda dogo baada ya kila tonge. Alikuwa mbali sana nasi, na hatukumwita.

Mwishowe akasema, "Mama yangu hutia mafuta ya zeituni. Lakini mkono ni uleule."

Nikamweleza yote, pamoja na ile "naam" yangu.

Akacheka kidogo. "Nami nimemwambia mkuu wa msafara kwamba najua kupanda punda."

"Kamwambie, bwana, kabla hamjaondoka."

Kuku tulimla mimi na Bi Mwanakombo, naye hakuacha kuniuliza, kila paja, kama hilo nalijua au silijui.

Asubuhi msafara ulipotoka, nilimwona Mwitalia anakwenda kwa miguu nyuma ya punda wake, amebeba chupa tupu yenye ua ndani.

Nilichojifunza ni hiki: elimu isiyoweza kukiri mpaka wake huwaibia wengine.

Wewe utakayelipokea daftari hili, nimekuachia nusu ya ukurasa. Andika ni lini uliitikia "naam" bila kujua, na ni nani aliyemla kuku wako.