Kaliguse Likiwa Bado Baridi

Ipo asubuhi moja ya baridi ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu, ingawa mengi mengine yamenitoka. Ilikuwa kijijini Masieda, nyumbani kwa baba yangu. Nilikuwa msichana niliyekwisha kujua kukamua, lakini bado sijaposwa. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba, na sisi tulikuwa nyuma ya gari, mikono juu ya bati, tukisukuma.

Nitakueleza gari hilo lilivyofika kwetu. Halafu nitakueleza kwa nini naliongelea leo, wakati magoti yananiuma na ningependa kulala zangu.

Baba alikuwa ameendesha matrekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Hanang, kwa hiyo usidhani alikuwa mtu asiyejua injini. Alijua. Lakini msimamizi mmoja wa shamba alikuwa anahama, akawa anauza gari lake. Gari la dizeli, la wakubwa, refu, lenye viti vya ngozi na kijitaa kinachowaka ukifungua mlango. Lilikuwa limezeeka, na bei yake ilikuwa ile ya kumfanya mtu ajione mjanja. Baba alipofika kuliona, alilikuta linanguruma tayari. Limewashwa, limefutwa vumbi, linamngoja. Akalizunguka, akapiga tairi teke, akaingia kukaa kwenye kile kiti. Nadhani ni kiti kilichommaliza. Mtu aliyekalia chuma cha trekta miaka yote hiyo, ukimkalisha kwenye ngozi, atakusikia tena?

Pesa aliitoa kwenye ng'ombe. Hapa nisikilize vizuri, hasa wewe uliyezaliwa mjini. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawalazi wote kwenye zizi lake. Mmoja anakaa kwa huyu, mwingine kwa yule, mwingine kule mbali kwa rafiki. Anayemtunza anakunywa maziwa na anapata samadi ya shamba. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia kwako, hauwamalizi wote. Na hakuna karatasi. Kuna kusalimiana tu, na kukumbukana.

Baba alipita nyumba kwa nyumba akiwakusanya. Mimi nilikuwa naye kwa ajili ya kuwaswaga. Kwa Mzee Tluway, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, kulikuwa na ng'ombe mwekundu aliyekaa pale tangu mimi nikiwa mdogo. Mzee mwenyewe alifungua zizi. Mke wake ndiye aliyeuliza:

"Baba Yasinta, na watoto wangu kesho wanywe nini?"

"Mama, msiwe na wasiwasi," baba akasema. "Gari likija, mkiwa na safari mimi nitawachukua."

Yule mama akacheka, akanitazama mimi, si baba. "Sawa. Watakunywa safari."

Gari likaja. Siwezi kusema hatukufurahi. Watoto wa kitongoji kizima walijipanga kujitazama kwenye mlango wake uliong'aa. Mama yangu alipanda mara moja kwenda kanisani, akashuka taratibu kama bibi harusi, na wanawake wakampigia vigelegele vya utani.

Halafu baridi ikaanza. Dizeli ikishazeeka haiipendi baridi ya huku juu, mwanangu. Injini ile kule kwenye ngano ilikuwa inapashwa moto kabla mnunuzi hajafika. Huku kwetu hakukuwa na mtu wa kuipasha. Kila asubuhi ilibidi isukumwe. Baba akawa analilaza gari juu ya mteremko, pua ikitazama chini, na alfajiri anasimama ukingoni mwa bonde na kuita. Mwanzoni walikuja wengi, wamejifunga mablanketi, wanacheka, wanasukuma. Likiwaka wanashangilia.

Baadaye walikuja wachache. Mwingine alikuwa na shamba la kuwahi. Mwingine mgongo. Mwingine alisema ana ng'ombe wa kupeleka majini, na wote tulijua hakuwa na ng'ombe tena, alikuwa na udhuru. Mwishowe tukabaki mama, mimi na wadogo zangu.

Na mambo mengine? Kifaa kikifa, fundi wa Dongobesh anasema kiko Arusha. Wa Arusha anasema kinaagizwa. Baba alikuwa akijisifu kwamba dizeli inakunywa kidogo, na ni kweli lilikuwa linakunywa kidogo. Kula ndiko kulikotushinda.

Sasa ile asubuhi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na baba alikuwa amerudi akiteleza, akaliacha gari pale lilipogoma, pua juu. Alitaka tulisukume kwanza tulifikishe tambarare, tuligeuze. Akaita. Sauti yake ikavuka bonde ikarudi peke yake. Akaita tena. Nikaona moshi ukitoka kwenye nyumba ya Mzee Tluway, kwa hiyo walikuwa macho.

"Tusukume wenyewe," mama akasema.

Tukasukuma. Likapanda kidogo. Halafu matope yakatushinda, likaanza kurudi. Sisi watoto tuliruka pembeni. Mama aliteleza. Gurudumu lilipita juu ya mguu wake, chini ya goti, nami nilisikia mfupa. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Unajua baba alifanya nini? Aliingia ndani ya gari, lililokuwa limekwama matopeni, akaanza kuliwasha. Akili ilikuwa imemruka. Alitaka kumpeleka mama hospitali kwa gari lile lile. Likakoroma, likanyamaza. Likakoroma, likanyamaza. Mama amelala kwenye majani, ameuma kanga yake, na ndiye aliyesema:

"Baba Yasinta, toka humo. Njoo nikuone uso."

Mimi nilikimbia kuvuka bonde. Nilimkuta Mzee Tluway anaota moto. Hata machozi hayakunizuia kumpa shikamoo, ndivyo tulivyolelewa, naye akajibu marahaba kwanza, kisha ndipo akauliza. Nikamwambia. Aliwaita wanawe, wakachomoa miti miwili kwenye ua, wakafunga blanketi, wakaenda mbele yangu mbio.

Baba alitoka kwenye gari alipowaona. "Mzee, nashukuru. Tukisukuma kidogo tu kwa pamoja, litawaka, halafu..."

"Tumekuja kumbeba Mama Yasinta," mzee akasema. "Gari lako tutalisalimia tukirudi."

Walimbeba kwa kupokezana mpaka barabara kubwa, wakasimama naye mpaka lori la mahindi lilipopita. Mama alipona. Lakini mguu ulipona ukiwa mfupi, na mpaka tunamzika alikuwa akitembea kama mtu anayeshuka ngazi moja ambayo wengine hawaioni.

Mama aliporudi kutoka hospitali, baba alikwenda kumshukuru mzee. Mimi nilibeba unga na asali. Wakakaa, wakaongea habari za mvua. Halafu baba akashindwa kuvumilia.

"Mzee, zile asubuhi nilikuwa naita. Hukuwa unasikia?"

Mzee Tluway hakukasirika. Alimsogezea kikombe cha uji kwanza.

"Ng'ombe wako alipokuwa zizini kwangu," akasema, "ukikohoa tu nilikuwa naamka. Ulipomchukua, nikaanza kulala vizuri."

Baba alishika kile kikombe mpaka uji ukapoa. Hakuunywa. Gari lilioza pale pale, kuku wakawa wanataga kwenye viti vya ngozi.

Sasa kwa nini nayasema leo. Mjukuu wangu Emanueli, anayenunua vitunguu saumu na kuviuza Dongobesh, alikuja kwangu mwezi uliopita. Kijana mzuri, mchapakazi, simu haimtoki mkononi. Akanionyesha picha. Gari la dizeli, jeusi, la wakubwa, limezeeka, linauzwa Arusha na mzee mmoja kwa bei ya kumfanya mtu ajione mjanja. Nilitazama ile picha nikajisikia nimechoka mwili mzima. Nilidhani jambo hili nilishalimaliza utotoni.

"Bibi, angalia viti," akasema. "Ngozi tupu. Wewe utakaa mbele."

"Nimeviona. Pesa?"

Akakuna kichwa. Vitunguu vyake vilikuwa havitoshi. Babu yake, marehemu mume wangu, aliacha ng'ombe Dirma kwa watu wa rafiki yake. Wamezaana kule, na mwenye neno juu yao ni mimi. Emanueli alitaka wote warudishwe, wapelekwe mnadani Katesh.

Nikamsimulia niliyokusimulia wewe. Alisikiliza kwa adabu, lakini akatabasamu.

"Bibi, hayo ni ya zamani. Siku hizi hatusukumi magari. Kuna betri nzuri, kuna mafundi, kuna simu."

"Simu unayo, naiona," nikamwambia. "Ukikwama utampigia nani?"

Akaitazama ile simu. Nikamwambia neno langu la mwisho: ng'ombe wa Dirma hawatoki. Akitaka gari kwa vitunguu vyake, hilo ni jasho lake, mimi si polisi. Ila aende kuliona alfajiri bila kutoa taarifa, na kabla ya salamu ya pili aweke kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, arudi nyumbani.

Alikwenda. Na nitakwambia ukweli, mwanangu, kwa sababu nimechoka na hadithi zinazojikunja vizuri mwishoni. Lilikuwa baridi. Likawaka mara moja, halikutoa moshi. Yule mzee alikuwa mkweli. Emanueli alinipigia akiwa bado pale, sauti imejaa: "Bibi, ni zima!"

"Nimesikia. Muulize likikwama huwa anamwita nani."

Nikasikia wanaongea. Akarudi kwenye simu, polepole kidogo. "Anasema wanae wako mbali. Anaita gari la kuvuta, analilipa. Mara ya mwisho alingoja kifaa mpaka akasahau alikoliegesha."

"Haya. Amua."

Nilikaa siku kadhaa bila kusikia kitu. Halafu jioni moja akaja, kwa miguu, viatu vina vumbi jekundu. Akanipa shikamoo, akakaa chini karibu na jiko.

"Umetoka wapi?"

"Dirma."

"Kufanya nini?"

"Kuwasalimu tu. Nimewapelekea chumvi ya ng'ombe." Akachochea moto. "Kumbe mzee wa kule anayetutunzia ng'ombe anamkumbuka babu vizuri. Tena ananijua kwa jina, Bibi, na mimi nilikuwa simjui."

Sikumuuliza habari ya gari. Nilimpa ugali na maziwa.

Basi mwanangu, unayenisikiliza huku umefungua picha ya gari pembeni. Sisemi gari ni baya. Kutembea kwa miguu kumenizeesha, sikuombei. Nasema bei ndogo ya kitu kikubwa mara nyingi ni bei ya mlangoni tu, ndani kuna nyingine, na anayeuza ameshazilipa mpaka amechoka. Kaliguse likiwa bado baridi. Uliza vifaa vinatoka wapi kabla ya kuuliza viti ni vya nini. Lakini zaidi ya hayo, tazama unachokitoa ili ukipate. Ukitoa jasho lako, utajifunza. Ukitoa kilichokufunga na watu, siku utakayoita utaisikia sauti yako ikikurudia, na wao hawatakuwa wamekosea.

Mungu akupe chombo cha kukufikisha. Na siku chombo kitakapogoma, maana kitagoma, akupe mtu ng'ambo ya bonde atakayeamka ukikohoa. Sasa niache nilale.